Pikapu Yenye Ukuta Ndani

Gusa boneti kabla hujamsalimu mwenye gari. Najua si adabu. Kwetu mtu husalimiwa kwanza, aulizwe habari za watoto, mvua na mahindi, ndipo shida yako itajwe. Lakini ukimaliza hayo mahindi utakuwa umeshakaribishwa kiti, na hutajua kama injini iliwashwa mapema ikapashwa moto ili uikute inaitika vizuri. Injini mbovu ikiwa moto hujifanya nzima. Kwa hivyo vijana, mkono kwenye boneti kwanza, salamu baadaye. Watu wa Saboti wamenizoea. Wakiniona napapasa magari yao kama daktari wa ng'ombe, wanasema, "Fundi Barasa amefika," halafu wanaleta chai.

Nimetengeneza magari Kitale tangu nikiwa na nywele hadi zilipokwisha. Nusu ya kazi haikuwa spana. Ilikuwa kuwasindikiza watu wanaokwenda kununua magari yaliyotumika, niwaambie kama wanauziwa gari au wanauziwa rangi. Siku hizi nimestaafu. Maana yake nakaa kwenye kiti pale pale gereji na kuwaambia walionirithi kwamba wanakosea.

Aliyenifundisha ni Mzee Chemwei, mtu wa huko mlimani, mfupi, mkali, asiyependa maswali. Alikuwa akichomoa kijiti cha oili na kukinusa kwanza, kama mtu anayetaka kujua kama maziwa yamelala. Oili ikinuka kuungua, alirudisha kijiti, akavaa kofia na kuondoka bila kuaga. Alinifundisha kulala chini ya gari na kugonga chasisi, hasa ile iliyopakwa rangi juzi, kwa sababu hakuna mtu anayeremba chasisi bila sababu. Alinifundisha kuinua mpira wa sakafu kule nyuma, maana pikapu iliyobeba mbolea huliwa na kutu kimya kimya. Na alisema saa ya kuhesabu maili ndiyo sehemu pekee ya gari inayoweza kurudia ujana.

Kuna mteja wangu mmoja aliyejiona mjanja akaenda kununua bila mimi. Akapata gari tulivu, halina hata mlio. Lilikuwa tulivu kwa sababu difu, lile sanduku la gia kwenye ekseli ya nyuma, ilijazwa ndizi mbivu. Alipofika Kiminini ndizi zilikuwa zimesagika zote, na gari likaanza kulia hadi watu wakatoka dukani kutazama nani anachinjwa. Alinipigia simu kuniuliza kama naijua dawa yake. Nikamwambia aongeze ndizi.

Nawaambia haya kwa sababu naona mnarudia mambo ya wakati wa korona. Kila kiwanda kikifunga mlango, anayeachishwa kazi anawaza pikapu. Wakati ule ndipo nilipogundua kwamba watu hununua magari hasa wakikosa pesa. Mnacheka, lakini nilikuwapo. Walimu wa shule za kibinafsi waliuza mayai kwenye buti. Wenye baa walichoma mahindi nje ya baa zao. Kila aliyemwaga unga alitaka pikapu ya kubebea kitu, hata kama bado hajajua ni kitu gani.

Na pikapu zenyewe hazikuwapo. Viwanda vya ng'ambo vilikuwa vimesimama, meli zilichelewa, na hata hapa nchini wanaounganisha magari walikaa wakingojea vipuri. Basi pikapu kuukuu zilizokuwa zimelala nyuma ya nyumba, kuku wakitaga ndani, zikaoshwa na kupandishwa cheo. Ukiuliza mbona bei iko juu hivyo, mwenyewe alikujibu kwa huruma, "Bana, si unajua uchumi ni mbaya?" Yaani uchumi ulikuwa mbaya upande wa mnunuzi tu.

Katika hao wanunuzi alikuwamo Simiyu, mtoto wa jirani yangu wa zamani. Alikuwa mtu wa boila katika kiwanda kimoja upande wa Bungoma. Jina silitaji kwa sababu hadi leo wanasema kitafunguliwa wiki ijayo. Mitambo ilizimwa, wafanyakazi wakaambiwa waende likizo, na likizo ikaota mizizi. Mkewe Nafula alikuwa na kibanda cha chapati karibu na chuo pale Kibabii. Chuo nacho kikafungwa, wanafunzi wakaenda kwao na njaa yao.

Aliyebaki na chochote katika familia ile alikuwa mama yake Nafula, kule Malakisi. Mama huyu alilima tumbaku miaka na miaka. Wanunuzi walipoacha kuja, aliing'oa akapanda vitunguu na nyanya, na hakuna aliyemsikia akilalamika. Aliposikia mkwe wake anashinda nyumbani akipiga pasi ovaroli ya kazi isiyokuwapo, aliuza ng'ombe wake wa kulima na kuzituma pesa kwa Nafula. Wanunue pikapu, ibebe mazao yake hadi masoko ya Bungoma na Kitale, faida wagawane. Sharti lake lilikuwa moja tu: yeye mwenyewe atasafiri na vitunguu vyake, kwa kuwa madalali walishamwibia vya kutosha.

Kwa wasiotoka kwetu, nieleze kidogo. Kwa Wabukusu wa rika lile, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono. Hawali pamoja, hawakai karibu, hawaitani majina, na wakikutana njiani mmoja huchepuka akajitia anatazama mbuzi. Si chuki. Ni heshima iliyokuwa kubwa mpaka ikakosa pa kukaa. Wengine siku hizi wameilegeza, lakini Mama Nafula hakuwa miongoni mwao. Serikali ilipotangaza kwamba kila mtu akae mita moja na mwenzake na afunike uso, Kitale nzima ilinung'unika. Mama Nafula alisema tu kwamba serikali imechelewa.

Simiyu alikuja kunichukua tukaenda Saboti, asubuhi ya ukungu mzito. Muuzaji alikuwa mkulima wa maziwa ambaye mnunuzi wake alikuwa amepunguza kuchukua. Nikaweka mkono kwenye boneti. Ilikuwa moto.

"Hii gari imewashwa," nikasema.

"Hapana, fundi. Ni jua hiyo."

Nikatazama juu. Hata mlima wenyewe ulikuwa hauonekani.

"Jua gani, mzee?"

"Ile ya jana," akasema bila kupepesa. "Ilikuwa kali sana, bana."

Nikamwambia basi tunywe chai, jua la jana lipoe. Tukanywa chai na viazi vitamu, tukazungumza mahindi mpaka yakaisha. Nilikuwa nimemwonya Simiyu asionyeshe mapenzi mbele ya muuzaji. Nilimkanyaga mguu chini ya meza, lakini alikuwa akiitazama ile pikapu kupitia mlangoni, na mapenzi yalikuwa yameshajaa usoni. Mtu ambaye amekaa bila kazi muda mrefu hawezi kuficha kitu kama hicho. Mkimsindikiza mtu wa namna hiyo, mwacheni nyumbani, mwende na pesa zake tu.

Boneti ilipopoa tukawasha. Gari likakohoa, likatoa moshi mweupe, likanyamaza, kisha likashika. Zilikuwa plagi za kupasha moto tu, ugonjwa wa bei nafuu. Nikalala chini, nikagonga chasisi, nikanusa oili, nikatikisa magurudumu, nikainua mpira wa nyuma. Gari lilikuwa zima, na hata leo naweza kuapa. Sikuacha kitu bila kukikagua. Ila tu sikumwuliza mnunuzi nani atakaa wapi.

Tuliipeleka Malakisi Jumapili. Mchungaji akaiombea magurudumu, breki na wateja. Kuku akachinjwa. Mama Nafula akatoka jikoni, akasimama mbali, kisha akaizunguka pikapu polepole huku Simiyu naye akizunguka upande wa pili ili wasikutane. Akachungulia dirishani. Ilikuwa ile pikapu ya kiti kimoja kirefu cha mbele, dereva na abiria bega kwa bega.

"Na mimi nitakaa wapi?" akauliza. Aliiuliza pikapu, si Simiyu.

Kumbe mama alikuwa na picha ya zile pikapu za wakubwa wa kaunti, zenye milango minne na kiti cha nyuma. Kwa kuwa yeye na mkwe hawakuwa wakizungumza, habari zote zilipitia kwa Nafula, na Nafula alikuwa amesema "pikapu" tu, kwa sababu ni pikapu.

"Nafula," akamwambia binti yake, kwa sauti ya kumtosha mkwe kusikia, "mwambie bwanako, kama mimi sina kiti, ng'ombe zangu zirudi."

Hao ng'ombe walikuwa wameshalima shamba la mtu mwingine. Simiyu alitazama viatu vyake. Nilimhurumia siku ile kuliko nilivyowahi kumhurumia mteja. Kazi hana, akiba hana, na gari ambalo lingemrudisha kati ya watu lilikuwa limepungukiwa na kiti. Kuliuza kulimaanisha kurudi kwenye pasi na ovaroli.

Safari za kwanza walijaribu kumweka mama nyuma, juu ya vitunguu, kwenye kiti cha jikoni, na mwavuli mkononi. Alikaa wima kama askofu. Sokoni watu walimzomea Simiyu, "Ati umebeba mama mkwe kama gunia?" Kisha polisi wa barabarani akawasimamisha.

"Mama, shuka ukae mbele. Kiti iko wazi."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

"Huyo dereva ni mkwe wangu."

Yule askari akavua kofia, akajikuna kichwa. "Mama, mimi pia ni mtu ya Sirisia, nakuelewa. Lakini sheria ya barabara haijui mkwe. Kesho nisikupate hapo juu."

Ndipo wakaja kwangu. Simiyu alisimama mlangoni mwa gereji, Nafula katikati, mama kule nje karibu na matairi. Wakaniomba nijenge ukuta ndani ya gari. Nimeombwa mengi katika kazi hii. Nimeombwa kuondoa roho mbaya kwenye gia. Lakini ukuta ulikuwa mpya kwangu.

Nikaujenga. Ubao wa plaiwudi kutoka sakafuni hadi kwenye paa, nimeukata upande wa chini ili mkono wa gia uweze kucheza, skrubu nzito kila pembe. Kwa kuwa ulimziba dereva asione kioo cha kushoto, nikakihamisha kioo hadi kwenye madigadi ya mbele. Mama aliogopa mlango ungefunguka kwenye kona, basi nikamwekea komeo la ndani. Ilikuwa kazi safi. Nilijivunia ukuta ule kuliko injini kadhaa nilizofufua.

Siku iliyofuata yule askari wa Sirisia akawasimamisha tena. Akachungulia kushoto, akachungulia kulia, akawaita wenzake waje waone. "Mnaona hawa?" akawaambia. "Hii ndiyo inaitwa kuzingatia masharti ya korona." Akawapigia saluti. Tangu siku hiyo hawakuwa wakisimamishwa, na wenye teksi Bungoma wakaanza kuja kuniuliza ubao ule ni wa bei gani.

Biashara ikaanza kwenda. Tatizo likawa mazungumzo, kwa sababu watu wanaofanya kazi pamoja lazima waambiane mambo. Simiyu akitaka kusimama Chwele alimpigia simu Nafula nyumbani. "Mwambie mama tunasimama Chwele kidogo." Nafula akampigia mama. "Mama, mnasimama Chwele." Naye mama akajibu, "Mwambie nimesikia. Si niko hapa?" Walikuwa wametenganishwa na ubao mwembamba kuliko kidole changu, na kila neno lilikwenda Kibabii na kurudi. Kampuni ya simu ilipata faida mwaka ule kuliko wakulima wote wa vitunguu.

Basi mkija kuniuliza ni pikapu gani mnunue, msishangae siku hizi nikianza kuuliza habari za nyumbani. Nani ametoa pesa? Nani atasafiri? Mnasemezana? Injini nitaiangalia baadaye, hiyo haijawahi kunishinda. Gari zima linaweza kulala nyuma ya nyumba kwa sababu ya watu wawili wasiojua pa kukaa.

Sasa hili la mwisho nimeambiwa na wote wawili, kila mmoja kwa upande wake wa ubao.

Walikuwa wakirudi kutoka soko la Bungoma mchana. Mama ni mgonjwa wa sukari. Siku ile alikuwa amechukua dawa yake asubuhi, lakini kwa haraka ya soko hakula. Baada ya Chwele Simiyu akaanza kusikia ubao unagongwa. Akadhani mama analalamika kwamba anakimbiza gari, akapunguza mwendo. Ubao ukaendelea kugongwa, ila polepole. Akampigia Nafula. Simu ya Nafula ilikuwa imezimika, iko kwa jirani inachajiwa. Akapiga tena, na tena. Ndipo akatambua kwamba kugongwa kunafuata mashimo ya barabara.

"Mama?" akasema.

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu amwoe binti yake.

Hakujibiwa. Akasimamisha gari, akazunguka mbio hadi mlango wa kushoto. Umefungwa na komeo langu. Dirisha limepandishwa kwa ajili ya vumbi, na ndani mama ameegemea ubao, kichwa kimelala, jasho linamtiririka. Akarudi upande wake, akalala chali kwenye kiti na kuupiga ubao teke kwa miguu yote miwili. Nilikuwa nimekaza skrubu vizuri, na hilo najilaumu mpaka leo. Aliupiga hadi ukapasuka, akauvuta vipande kwa mikono, akamshika mama kabla hajaanguka juu ya gia.

Alikuwa na chupa ya soda aliyoificha chini ya kiti, kwa sababu alikuwa haoni haya kumbeba mama mkwe, ila aliona haya mama mkwe amsikie akimeza. Mama alikuwa bado anameza. Akamnywesha kwa kifuniko cha chupa, kidogo kidogo, kichwa cha mama kikiwa begani mwake. Na kwa kuwa alikuwa ameshaanza kusema, hakuweza kunyamaza. Alimshukuru kwa ng'ombe. Alimwomba msamaha kwa kiti. Alimwambia kiwanda kilipofungwa yeye alitaka kutoroka, aende mbali asionekane, na kwamba pikapu hii ndiyo iliyomzuia, na pikapu hii ni mama. Alilia, hilo aliniambia mwenyewe. Kisha akaendesha hadi hospitali kwa mkono mmoja, wa pili umemshikilia mama asianguke. Daktari akasema sukari ilikuwa imeshuka mno, na soda ile ndiyo iliyomwokoa.

Mama hakuwahi kumjibu yale maneno. Lakini mimi aliniambia, "Fundi, nilisikia yote. Nilikuwa nashindwa tu kufungua macho."

Alipopata nafuu walikuja gereji, vipande vya ubao vikiwa nyuma ya pikapu. Nilidhani wamekuja kuniambia nivitupe. Simiyu naye alidhani hivyo, maana alikuwa amesimama karibu na mama kidogo kuliko zamani, huku akitabasamu.

"Ubao urudi," mama akaniambia.

Tabasamu la Simiyu likazima. Nikasema, "Lakini mama, baada ya haya yote?"

"Nimezeeka na hii heshima, fundi. Siwezi kuiacha njiani kwa sababu ya sukari. Urudishe. Lakini safari hii ukate dirisha katikati."

"Dirisha ya ukubwa gani?"

Alifikiri. Akamtazama mkwe wake, uso kwa uso, hakuchepuka.

"Pima mkono ya Simiyu," akasema, "ikiwa imeshika soda."

Nikachukua futi. Simiyu akatoa soda chini ya kiti cha pikapu, akaunyoosha mkono, nikapima.